Mume wangu ameleta shilajiti kutoka Maskati: ninywe, nimpe mtoto, au niuze?

Bi Mfamasia, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Tanga, nina miaka 36. Mume wangu ana miaka 48, ni dereva huko Maskati, na huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mtoto wetu ana miaka 9, na tangu tumzae hatujajaliwa mwingine ingawa tunatamani sana.

Safari hii alikuja na makopo ya shilajiti, ile dawa nyeusi ya Kihindi inayofanana na lami, inayotoka milima ya Himalaya. Aliyemuuzia sokoni alimwambia ina madini 84, inarudisha nguvu za kiume, inasafisha kizazi cha mwanamke na inaimarisha mifupa. Akamfundisha na namna ya kuitambua ya kweli: inalainika ukiishika mkononi, inayeyuka yote kwenye maji ya moto, na ukiiweka kwenye moto haiwaki. Tumeijaribu hapa nyumbani, imefaulu yote. Basi tukaanza kuitumia mimi na yeye, nusu kijiko cha chai kila asubuhi kwenye maziwa.

Alileta pia boksi la vifuko vya asali, vimeandikwa kuwa ni asali yenye shilajiti. Hivyo ni vyake peke yake. Kusema kweli vinafanya kazi. Haipiti saa moja unaona tofauti, ila humwachia kichwa kinachogonga na uso kuwiva. Ana presha, anameza amlodipini, na daktari alimpa vidonge vingine vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Nikimuuliza anasema shilajiti ni kitu cha asili, haigombani na dawa za hospitali.

Ameshaondoka, na mimi naendelea na kopo. Hedhi yangu imechelewa lakini sijapima, naogopa kuvunjika moyo tena. Tumbo linanisokota na choo kimekuwa kigumu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anaitumia kwa ajili ya magoti, na juzi nilimkuta akimkorogea mjukuu wake kidogo kwenye maziwa ili akili ifunguke shuleni. Nilinyamaza kwa heshima, ila moyo wangu haukutulia.

La mwisho, mume wangu anataka kunitumia makopo 20 niyauze kwa majirani na kwa njia ya simu. Wifi yangu ameshaagiza lake. Naomba unieleze ndani yake kuna nini hasa, inasaidia kweli, na mtu akitaka kununua ataijuaje iliyo salama?

Mama Salma, Tanga

Marahaba, Mama Salma. Maswali yako nitayajibu yote, lakini katika barua yako kuna mambo ambayo hayawezi kusubiri maelezo ya milima na madini. Naanza na mumeo, kwa sababu ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Mpigie simu leo, umwambie aache vile vifuko vya asali. Shilajiti haifanyi kazi kwa saa moja. Hata tafiti zilizoisifu ziliwapa watu kwa siku 90 ndipo zikapima mabadiliko. Kinachombadilisha mwanamume ndani ya saa moja, kisha kichwa kikagonga na uso ukawiva, ni dawa za kundi la sildenafili na tadalafili, ambazo hutolewa kwa cheti cha daktari. Kifuko chake sijakipima maabara, lakini dalili ulizoandika ni za dawa hizo, na asali za namna hii zimeshakutwa na mchezo huo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilizipa onyo kampuni nne zilizokuwa zikiuza asali za kuongeza nguvu, baada ya maabara kukuta ndani yake dawa hizo hizo bila kuandikwa popote kwenye boksi.

Kwa mwanamume mwingine ningesema ametapeliwa. Kwa mumeo ni jambo la uhai, kwa sababu ya vile vidonge vya chini ya ulimi. Nadhani ni vya jamii ya naitreti, kwa kuwa ndivyo wanavyopewa watu ambao kifua hubana kwa sababu ya moyo. Naitreti hutanua mishipa ya damu, na sildenafili nayo hutanua mishipa. Zikikutana mwilini, presha huporomoka ghafla hadi mtu kuzimia, na moyo wenyewe ukakosa damu. Ndiyo maana madaktari hawampi mtu naitreti ndani ya saa 24 tangu ameze sildenafili, au ndani ya saa 48 ikiwa ni tadalafili. Mumeo yuko ugenini. Kifua kikimbana usiku atatia kidonge chini ya ulimi kama alivyoagizwa, bila kujua kwamba ile asali ya jioni imekigeuza kidonge hicho kuwa hatari. Mwambie kifua kikibana tu aende hospitali, na jambo la kwanza atakalomwambia daktari liwe kwamba amekula asali ya nguvu, na saa aliyoila. Asione haya. Wahudumu wa dharura wanayasikia haya mara nyingi, na kuyajua mapema huokoa maisha.

Tena amweleze daktari wake wa moyo kwamba nguvu zimepungua. Mwanamume mwenye presha na maumivu ya kifua akipungukiwa nguvu, mara nyingi chanzo ni kimoja, yaani mishipa iliyoanza kuziba. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo shida huonekana huko mapema. Zipo tiba anazoweza kupewa kwa usalama, akipimwa na mtu anayejua dawa zote anazomeza.

Sasa wewe, mwanangu. Acha kopo leo, na asubuhi nunua kipimo cha mimba duka la dawa. Naelewa hofu yako ya kuvunjika moyo. Lakini ikiwa mimba ipo, kila siku ina maana, na ikiwa haipo, hedhi iliyochelewa pamoja na tumbo kusokota vinataka kuangaliwa. Jibu lolote litakalotoka, nenda kituo cha afya ukiwa na kopo mkononi. Usilitupe. Mwonyeshe daktari, mweleze ulikuwa ukila kiasi gani na kwa muda gani, na muulize kuhusu kupima madini ya risasi kwenye damu. Ni kipimo ambacho maabara ndogo hazina, kwa hiyo huenda sampuli ikapelekwa mbali, nawe usikate tamaa ukiambiwa hivyo. Tumbo kusokota na choo kigumu vinaweza kuwa vya mimba changa, vinaweza kuwa vya kitu kingine kabisa, na ni miongoni mwa dalili za risasi mwilini. Kwa kuwa umekuwa ukila kitu ambacho hakuna aliyekipima, siwezi kukwambia uzipuuze.

Nakazania risasi kwa sababu ya jambo lililotokea New York mwaka 2011 na 2012. Idara ya afya ya jiji lile ilichunguza wajawazito sita waliokutwa na risasi katika damu, na chanzo kilikuwa dawa za Ayurveda, yaani tiba ya asili ya Kihindi, walizokuwa wakimeza, zilizotengenezwa India. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto, na ubongo wake unaojengwa ndio huumia kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa hiyo kwa mjamzito, kwa anayenyonyesha na kwa mtoto, jibu langu kuhusu shilajiti ni hapana, hata ya kopo zuri lenye cheti. Hawa hawajawahi kufanyiwa utafiti wa kutosha kuonyesha kwamba iko salama kwao. Ukiwa mjamzito, kliniki watakupa FEFO za madini chuma na asidi ya foliki, nazo zinatosha.

Salma asipewe tena, hata tone. Kwa mama mkwe huhitaji kugombana. Mwambie jioni mkiwa wawili: “Mama, nimemuuliza mfamasia, amesema hii dawa haijapimwa risasi, na kwa watoto risasi hupunguza akili. Naomba na wewe tuipumzishe kwanza.” Bibi aliyetaka akili ya mjukuu ifunguke hatasikiliza hoja nyingine vizuri kuliko hiyo. Kituo cha afya kikikubali wewe upimwe damu, omba na mtoto apimwe.

Hapo sasa tunaweza kukaa chini kuzungumza kuhusu shilajiti yenyewe.

Ni utomvu mweusi unaochuruzika kwenye nyufa za miamba jua kali la kiangazi linapoichoma. Hupatikana Himalaya, Karakoram kule kaskazini mwa Pakistani ambako huitwa salajiti, na pia Altai na Kaukasi ambako hujulikana kwa jina la mumiyo. Hukusanywa kati ya mita 1,000 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wanasayansi wengi wanakubali kwamba ni mimea ya kale iliyooza na kubanwa miambani kwa karne nyingi, ikafanyiwa kazi na vijidudu. Asilimia 60 hadi 80 yake ni vitu vya mboji, yaani asidi ya humiki na asidi ya fulviki, jamii ileile inayoufanya udongo wenye rutuba uwe mweusi. Kinachobaki ni vitu viitwavyo dibenzo-alfa-pironi, asidi za mafuta, asidi amino na madini ya aina nyingi.

Hayo madini 84 ndiyo yanayouza makopo, kwa hiyo nataka tuyahesabu pamoja. Kiasi kilichotumika kwenye tafiti nyingi hakizidi miligramu 500 kwa siku, nusu gramu. Hata tukikubali kwamba robo nzima ya hiyo ni madini, tunapata miligramu 125 za madini yote kwa jumla. Mwili wa mwanamke wa umri wako unataka miligramu 1,000 za kalsiamu peke yake kila siku. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maziwa, maharage na mboga za majani vinakupa madini kwa wingi ambao kopo haliwezi kuufikia. Tena, mtu anayejivunia orodha ya madini 84 hajakaa akaisoma. Orodha ndefu kiasi hicho haikamiliki bila risasi, zebaki, aseniki na kadimiamu. Mwamba hauchagui.

Wazee wa Ayurveda walilitambua hilo zamani sana. Charaka Samhita, kitabu chao kikongwe, kinataja shilajiti za aina nne kufuata metali ya mwamba, yaani dhahabu, fedha, shaba na chuma, na kinaipa ya chuma daraja la juu. Sushruta Samhita inaongeza mbili, ya bati na ya risasi. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakiitumia walijua kwamba jabali huacha alama yake ndani ya utomvu. Na hawakumpa mgonjwa shilajiti mbichi. Huloweshwa katika maji ya moto au katika mchemsho wa triphala, ambao ni wa matunda matatu ya Kihindi, huchujwa, huachwa itulie, ile ya juu ikakusanywa na kukaushwa juani, kazi hiyo ikarudiwa tena na tena. Naiheshimu kazi hiyo. Huondoa mchanga, vipande vya mawe, kinyesi cha wanyama na kuvu. Lakini metali iliyokwisha kuyeyuka hupita kwenye kitambaa pamoja na maji, na hapo ndipo maabara ya leo inapohitajika.

Hii inanileta kwenye majaribio mliyoyafanya jikoni, na naomba uyasikilize haya kwa makini zaidi kuliko mengine, kwa kuwa wauzaji wengi wanayategemea. Kulainika mkononi na kuganda kwenye friji kunaonyesha kwamba kitu kina tabia ya utomvu. Kuyeyuka bila mashapo kunaonyesha kwamba hakina mchanga mwingi. Kutowaka kunaonyesha kwamba hakijachanganywa sana na nta au gundi ya miti. Basi, yanaishia hapo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuona risasi. Risasi kwa kiasi cha kumdhuru mtoto haina rangi, haina harufu, haina ladha, na haiachi kitu chini ya glasi. Wapo pia wanaonunua asidi za humiki na fulviki zinazochimbwa pamoja na makaa ya mawe, zinazouzwa kama mbolea, wakazifinyanga zikawa shilajiti. Hiyo nayo ni nyeusi na inayeyuka. Kwa hiyo kopo lenu kufaulu majaribio yote hakujakwambia chochote kuhusu usalama wake.

Kuhusu kama inasaidia, jibu la haki ni kwamba ipo dalili ya faida kwa mambo machache, kwa tafiti ndogo. Mwaka 2010 walichapisha utafiti India wa wanaume wenye mbegu pungufu waliopewa miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 90. Waliomaliza walikuwa 28, na idadi ya mbegu ilipanda. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na idadi ya mbegu hupanda na kushuka yenyewe. Mwaka 2016 ukaja mwingine wenye kundi la kulinganisha, kwa wanaume wazima wa afya wa miaka 45 hadi 55, miligramu 250 mara mbili kwa siku, siku 90 vilevile. Homoni ya testosteroni iliongezeka kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Mwaka 2022 wanawake waliokoma hedhi na mifupa yao kuanza kupungua uzito walipewa kwa wiki 48, na upungufu huo ulikwenda polepole zaidi. Hayo ni mambo ya kutia moyo na ningependa yafanyiwe utafiti mkubwa zaidi. Angalia tu kwamba katika tafiti zote hizo walitumia shilajiti iliyosafishwa na kupimwa, kwa miligramu zinazohesabika. Nusu kijiko chenu ni kama gramu mbili na nusu, mara tano ya kiasi kikubwa kilichotumika huko. Na wanaume wale wa 2016 walikuwa wazima. Mumeo ana presha na moyo, na shilajiti yenyewe inadhaniwa kushusha presha na sukari, kwa hiyo asiitumie bila daktari wake kujua. Kama kuna mtu mwenye selimundu ukooni anayeongezewa damu mara kwa mara, naye aiache, kwa kuwa ina chuma na mwili wake tayari una chuma kingi.

Mama mkwe umfikishie kwamba utafiti wa mifupa haukuwa wa maumivu ya magoti. Magoti yake yanahitaji kuangaliwa na pengine mazoezi ya viungo. “Kusafisha kizazi” nako hakuna kinachosafishwa, kwa sababu mji wa mimba hujisafisha wenyewe kila mwezi kwa hedhi. Kizazi kikiwa na shida, shida hiyo ina jina, kama mirija kuziba, uvimbe, au yai kutopevuka, na kila moja ina kipimo chake.

Na kuna jambo moja ambalo hukuliuliza. Mumeo huja mara mbili kwa mwaka. Katika kila mzunguko, mwanamke ana siku kama sita tu ambazo mimba inaweza kutunga, zinazoishia siku yai linapotoka. Madaktari huanza kuzungumza juu ya ugumba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, na kwa mwanamke aliyevuka miaka 35 hushauri vipimo vianze baada ya miezi 6. Nyinyi katika miaka hii yote huenda hamjafikisha mizunguko mingi ya kukutana katika siku zenyewe. Inawezekana hamna ugonjwa wowote, mna umbali. Ikiwa kipimo kitaonyesha huna mimba, andika tarehe za hedhi yako miezi hii, mpange likizo yake ifuate siku zako. Yeye afanye kipimo cha mbegu huko huko Maskati, baada ya siku 2 hadi 7 bila tendo. Kipimo hicho kitawaeleza mengi ambayo mwaka mzima wa kopo hauwezi kuwaeleza.

Sasa ununuzi. Anayetaka shilajiti, mtu mzima asiye mjamzito na ambaye daktari wake anajua, namwambia aanze na karatasi kabla ya kufungua kopo. Aombe cheti cha uchambuzi wa maabara cha toleo lile lile analouziwa, yaani makopo yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Namba ya toleo kwenye kopo na kwenye cheti zilingane. Cheti cha mwaka juzi cha toleo jingine hakimsaidii, kwa kuwa utomvu wa bonde hili si wa bonde lile. Maabara iwe huru, isiwe ya muuzaji, na iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Jina lake alitafute na awaulize wenyewe kama cheti ni chao. Ndani yake zionekane tarakimu, si neno “imefaulu” peke yake, za risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki, pamoja na bakteria na kuvu.

Tarakimu zenyewe hazitishi ukizizoea. Famakopia ya Ayurveda ya India, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa hizo, inaruhusu risasi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo, aseniki 3, zebaki 1 na kadimiamu 0.3. Lakini kwangu mimi kikomo cha risasi hapo ni kikubwa mno. Kopo lililo kwenye kikomo hicho, mtu akila nusu gramu, anapata maikrogramu 5 za risasi kwa siku. FDA kwa mwanamke wa umri wa kuzaa hutumia kipimo cha maikrogramu 8.8 kwa siku kutoka katika vyakula vyote kwa pamoja. Kwa nusu kijiko chako ungepata maikrogramu 25, na hapo kopo bado “limefaulu”. Kwa hiyo natafuta kopo ambalo risasi yake iko chini ya 1, na bado napima kwa miligramu, sichoti kwa kijiko.

Asome pia majina kwenye lebo. Shilajiti mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na majivu ya metali, ambayo Ayurveda huyaita bhasma. Naga bhasma ni risasi. Parada ni zebaki, rasa sindura na hingula ni zebaki iliyoungana na salfa, na haratala ni aseniki. Akiona jina mojawapo, arudishe kopo rafuni. Na asilinganishe makopo kwa asilimia ya fulviki, maana tarakimu hiyo hubadilika sana kufuata njia ya kupimia, nayo haisemi lolote kuhusu risasi.

Wala asitulizwe na nchi ya kiwanda. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walirudia kwa dawa 193 zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni, na karibu moja katika tano ilikuwa na metali, za India na za Marekani bila tofauti kubwa.

Makopo 20 naomba yasije. Tanzania, dawa inayoingizwa kuuzwa inasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa dawa za asili. Ukiuza bila kibali, makopo yatakamatwa na mtaji utapotea. Ila kinachonigusa zaidi ni majirani zako. Watakula kwa kukuamini wewe, na baadhi yao watakuwa na mimba wasiyoijua bado, kama huenda ilivyo kwako leo.

Kama mumeo bado ana nia ya biashara hii, mpe ujumbe huu amtumie muuzaji kama ulivyo: “Naomba cheti cha maabara cha toleo hili, chenye jina la maabara, tarehe, na kiasi cha risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki kwa tarakimu. Naomba pia jina na anwani ya kiwanda, namba ya leseni yake, na usajili wa Wizara ya Afya ya Oman kama upo.” Jibu akilipata, anitumie nilisome kabla hajalipa. Wewe umwambie wifi yako kwamba agizo lake limesimama, kisha uende ukanunue kile kipimo.